Mwongozo kamili wa kumtambua kitikisa-mkia jijini Nairobi na kuzisoma tabia zake

Picha nyingi ninazotumiwa zikiwa na swali "huyu si ndiye kitikisa-mkia?" huwa za mbwigu, ndege mwingine mweusi-mweupe, aliyekaa kwenye waya wa stima. Nyingine ni za kitikisa-mkia kweli, kinda aliyetoka kiotani juzi, lakini mwenye picha keshamkataa kwa sababu ni wa kijivu na yeye alikuwa akimsubiri mweusi. Wote wameponzwa na jambo moja: wameanza na rangi. Nairobi ina ndege weusi-weupe chungu nzima. Wanaotembea chini mguu mmoja baada ya mwingine, na wakisimama mkia unapigwa juu na chini, ni wachache mno.

Ndiyo maana hapa tunaanza na mwendo, kisha kifua na bawa, na mgongo tunauacha mwisho. Usiruke hatua hata kama unaona unaijua. Wengi wanaokwama, hukwama kwa kuruka ya pili.

## Vitu vya kuwa navyo

Macho yako yanatosha kuanzia. Ndege huyu amezoea watu, atakuruhusu umkaribie hadi hatua kumi hivi ukienda polepole. Ukitaka kuingia ndani zaidi, andaa hivi:

Darubini ya 8x32 au 8x42 (8 ni mara inavyovuta, 32 au 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita). Wauzaji watakusukumia ya 10x kwa sababu "inavuta zaidi". Inavuta, ndiyo, lakini inaonyesha eneo dogo na kila mtetemo wa mkono unaonekana. Ndege anayekimbia chini atakupotea kila mara.

Simu inayorekodi video. Video ya sekunde ishirini, hata iwe ya ukungu, inanifaa kuliko picha safi, kwa kuwa inaonyesha mwendo.

Daftari dogo na penseli. Kalamu ya wino hugoma karatasi ikipata unyevu, na asubuhi za Julai Nairobi unyevu haukosekani.

Kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki chenye michoro. Picha ya kamera inaonyesha ndege mmoja kwenye mwanga wa siku moja. Mchoraji mzuri anakuwekea dume, jike na kinda kando kwa kando, na hicho ndicho unachohitaji.

Nguo ziwe za kawaida. Zile za mabaka zinazofanana na za jeshi ziache kabisa. Zitakuletea askari kabla hazijakuletea ndege.

Onyo la mjini. Arboretum, ile bustani ya miti, ni pazuri sana kwa kazi hii lakini imepakana na Ikulu. Usielekeze darubini wala kamera upande wa ua ule, na fanya vivyo hivyo karibu na kambi, vituo vya polisi na balozi. Na usisimame ukingoni mwa barabara umeinua simu. Pikipiki inapita, simu inaondoka.

## Hatua ya 1: Tafuta ardhi tupu yenye maji karibu

Kitikisa-mkia huishi kwa wadudu, na wengi huwakamata chini kwa kuwakimbiza. Nyasi ndefu zinamzuia kukimbia na kuona. Kwa hiyo acha vichaka, tafuta mahali ambapo ungeweza kuona sarafu iliyoanguka: maegesho ya magari, ua wa kabro (matofali ya zege ya kutandaza chini), uwanja wa shule, nyasi zilizokatwa chini, paa la mabati, sakafu ya zege kando ya tangi la maji.

Maji ni kivutio cha pili. Si lazima yawe mto. Bomba linalovuja nyuma ya fleti linatosha, kwa sababu mbu, nzi na mabuu hukusanyika hapo.

Ukiniuliza pahali pamoja tu pa kuanzia, sitakutuma mbugani. Nitakutuma pale mtaani kwenu panapooshwa magari. Kuna zege lililolowa, kuna mfereji, kuna nzi waliotoka kwenye matope ya matairi. Mara nyingi utamkuta kitikisa-mkia anapita chini ya gari lililoinuliwa huku vijana wakiendelea na kazi, na hakuna anayemjali mwenzake. Nje ya mtaa, jaribu kingo za mito, Arboretum, Uhuru Park, au Dagoretti karibu na machinjio, ambako nzi hawana msimu.

Nenda mapema, kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu na nusu asubuhi, au urudi kuanzia saa kumi jioni. Adhuhuri wanakuwepo, ila jua la utosi linafuta vivuli, na mkanda wa kifuani utauona kwa shida.

Mahali pamefaa ikiwa unaweza kukaa na kuona ardhi tupu ya angalau hatua ishirini bila kitu cha kukukinga.

## Hatua ya 2: Tazama miguu kabla ya kitu kingine chochote

Usijiulize bado ana rangi gani. Jiulize anakwendaje.

Kitikisa-mkia hutembea. Mguu wa kulia, wa kushoto, na kichwa kinakwenda mbele na kurudi kwa kila hatua. Akiona mdudu hukimbia kwa kasi, anasimama ghafla, na hapo mkia unapigwa juu na chini mara kadhaa. Juu na chini, sio kushoto na kulia. Shomoro wa mjini huruka-ruka kwa miguu miwili pamoja. Ukiona kuruka-ruka, huyo si wetu, endelea kutafuta.

Mbwigu, yule anayewachanganya wengi, ana mgongo mweusi, tumbo jeupe, mkia mrefu na mstari mweupe begani. Kwenye picha wanafanana kweli. Lakini mbwigu hukaa wima juu ya waya, nguzo au ncha ya ua, akitazama chini kama mlinzi wa geti. Akiona mdudu anadondoka, anamnyakua, anarudi juu. Hatembei chini akitafuta. Tena mdomo wake ni mnene, umepinda nchani. Wa kitikisa-mkia ni mwembamba na mnyoofu kama sindano.

Fumbwe dume naye humletea mgeni taabu msimu wa mvua: mweusi-mweupe, na mkia mrefu kupita mwili wake. Mtazame mdomo. Ukiwa mwekundu, mwondoe, si wetu.

Kuna wawili wengine ambao hutikisa sehemu ya nyuma, nao wanahitaji jicho la makini zaidi:

Kitwitwi wa kando ya maji hunesanesa nyuma karibu bila kukoma. Ni wa kahawia juu, mweupe chini, na kuna nyeupe inayopanda mbele ya bega lake. Mkia wake ni mfupi. Utamkuta kwenye tope la ukingoni na si kwenye kabro.

Wa pili ni yule ndege wa kahawia mwenye michirizi kifuani ambaye hutembea kwenye nyasi za viwanjani na mara nyingine hupiga mkia. Huyo ni jamaa wa karibu wa kitikisa-mkia, familia moja, ndiyo maana mwendo unakaribiana. Michirizi ndiyo inayomtoa. Hakuna kitikisa-mkia mzima (aliyekomaa) mwenye kifua cha michirizi.

Akiruka, endelea kumfuata kwa macho. Anakwenda kwa mawimbi, anapanda na kushuka, na mara nyingi analia kila anapopanda: mlio mfupi mkali wa silabi mbili, "tsi-wii". Ukishauzoea mlio huo utaanza kumsikia akipita juu ya barabara yenye matatu, jambo ambalo hukulijua kwa miaka yote uliyopita pale.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema kwa uhakika "alitembea, na mkia ulikwenda juu na chini" bila kutaja rangi hata moja. Kama huwezi, rekodi video na uitazame taratibu.

## Hatua ya 3: Nyusi, kifua, bawa, kwa mpangilio huo

Sasa rangi. Anayeonekana kila siku Nairobi ni kitikisa-mkia mweusi-mweupe, ambaye jina lake la kisayansi ni *Motacilla aguimp*. Urefu wake ni sentimita 19 hadi 20, lakini sehemu kubwa ya urefu huo ni mkia, kwa hiyo usitegemee ndege mkubwa; kiwiliwili chake hakitofautiani sana na cha shomoro.

Anza na uso. Uso ni mweusi, na juu ya jicho kuna unyusi mweupe mpana unaoonekana hata bila darubini. Upande wa shingo kuna baka jeupe. Koo ni jeupe.

Shuka kifuani. Kuna mkanda mweusi unaokatiza kifua, na chini yake tumbo ni jeupe hadi mkiani. Akiinama kula mkanda unaweza kujificha, msubiri ainuke.

Maliza na bawa lililokunjwa. Hapa ndipo panapoamua kesi. Kwenye bawa la *aguimp* kuna eneo kubwa jeupe, refu, linaloonekana waziwazi ubavuni. Ukikumbuka kitu kimoja tu kutoka hatua hii, kumbuka bawa. Nyeupe hiyo ipo kwa dume, kwa jike na kwa kinda, mvua na kiangazi.

Mgongo wa mzima ni mweusi. Manyoya ya pembeni ya mkia ni meupe, na huonekana zaidi anapotua au kuruka.

Onyo: Nairobi ni jiji la vumbi na moshi. Nimewaona wenye tumbo la rangi ya chai ya maziwa kwa sababu wanalala karibu na gereji. "Mweupe" wa kitabuni na mweupe wa soko la Gikomba havifanani. Angalia mpangilio wa mabaka, usipime usafi.

## Hatua ya 4: Waondoe ndugu zake

Wako vitikisa-mkia wengine wanaoweza kuonekana Nairobi na viunga vyake. Wasikutishe. Swali la kwanza kwa kila mmoja ni lile lile: je, bawa lina eneo kubwa jeupe?

Wa kijivu-kahawia, *Motacilla capensis*. Huyu ndiye anayewasumbua watu kweli. Juu ni kijivu-kahawia, chini ni krimu, mkanda wa kifuani ni mwembamba na bawa halina eneo kubwa jeupe. Hapa Kenya ni ndege wa nyanda za juu, hupenda majani mabichi kando ya vidimbwi na mabwawa. Ukipanda kuelekea Limuru unaongeza nafasi ya kumwona. Katikati ya jiji, kabla hujaandika jina lake, soma hatua ya 5 kwanza.

Wa mlimani, *Motacilla clara*. Mwembamba, mkia mrefu sana, mgongo wa kijivu cha samawati, tumbo jeupe safi, mkanda kama uzi. Anataka maji yanayokimbia juu ya mawe, yenye miti pembeni. Mtafute kwenye vijito vya msitu kama Karura, pale maji yanapoangukia mawe. Kwenye maegesho ya duka usimtaje.

Wa manjano, *Motacilla flava*. Mgeni kutoka Ulaya na Asia, hufika kuanzia Septemba au Oktoba na kuondoka kufikia Aprili. Mgongo wa kijani-kahawia, chini manjano, mkia mfupi kuliko wa ndugu zake. Anatembea kwa makundi kwenye nyasi, akifuata miguu ya ng'ombe kwa sababu kwato zinafukuza wadudu. Katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi huwafuata nyati na pundamilia kwa sababu hiyo hiyo. Vichwa vyao hutofautiana kulingana na walikotoka: cha kijivu-samawati, cha manjano, hata cheusi. Usiwahesabu kuwa aina tatu. Na usimkatae aliyepauka kwa sababu manjano ni kidogo. Wanaozaliwa mwaka huo hufika wakiwa wamefifia.

Yuko pia wa kijivu mwenye manjano chini ya mkia, *Motacilla cinerea*, mgeni wa miezi hiyo hiyo, ambaye hupenda vijito vya misituni. Ukimpata Nairobi piga picha, kwani utaulizwa ushahidi.

## Hatua ya 5: Usidanganywe na kinda

Hii ndiyo hatua iliyonifanya niandike mwongozo.

Kinda wa *aguimp* akitoka kiotani hana weusi. Mgongo ni kijivu chenye ukahawia, mkanda wa kifuani ni hafifu, uso umefifia na mkia haujafika urefu wake. Mtu anafungua kitabu, anamwona wa kijivu-kahawia, anaandika *capensis*, na orodha nzima inaharibika.

Fanya mambo mawili. Kwanza tazama bawa: kinda wa *aguimp* tayari ana nyeupe kubwa bawani, *capensis* hana. Pili, ngoja dakika chache. Kinda wa wiki za kwanza hakai peke yake. Mzazi mweusi atatokea na mdomo uliojaa mainzi, kinda atainama, atatetemesha mabawa na kupiga kelele, na swali lako litakuwa limejibiwa.

Dume na jike ni vigumu kuwatenganisha. Dume huwa mweusi uliokolea zaidi wakati wa kuzaa. Jike mweusi wake umepauka kidogo. Ukiwaona wawili pamoja unaweza kubahatisha. Ukimwona mmoja, andika "mzima" ukaendelee na mengine.

## Hatua ya 6: Keti mahali pamoja umtazame

Wengi wakishamtambua huondoka kutafuta ndege mwingine. Ni hasara, kwa sababu tabia zake ndizo zinazonoga, na ni ndege wachache watakaokuruhusu kuona mengi hivyo bila kwenda mbali.

Usimfuate. Jozi moja hushika eneo lake na kulizunguka, kwa hiyo akitoka atarudi. Ukimfuata unamsukuma, na anachofanya akiwa anasukumwa hakikufundishi kitu.

Tazama anavyokula. Ana njia tatu na anabadilisha kulingana na mahali. Kuokota: anatembea polepole akidonoa vitu vidogo chini. Kukimbiza: anachapua mbio fupi nyuma ya nzi. Kurukia: anajirusha juu kidogo, anamkamata mdudu hewani, anatua palepale. Akipata mdudu mkubwa, panzi au nondo, humpigiza kwenye zege upande huu na huu hadi mabawa yatoke, ndipo ammeze. Pia hudonoa makombo ya chakula cha watu, hivyo usishangae kumkuta chini ya meza za kibanda.

Andika ni njia gani ameitumia zaidi na juu ya nini: nyasi, kabro, paa. Baada ya muda utaona mpangilio wa eneo lako mwenyewe. Kwenye mabati asubuhi ya baridi, kwa mfano, huokota wadudu waliozubaa kabla jua halijawaamsha.

Tazama mkia. Kwa nini anaupiga? Yapo maelezo zaidi ya moja. Wapo wanaosema unawashtua wadudu waruke. Wengine wanasema ni ujumbe kwa adui: nimekuona, usijisumbue. Waliowachunguza vitikisa-mkia weupe wa Ulaya walipata kwamba kupiga mkia kunaendana na kuwa macho, na hilo linaelekea upande wa ujumbe. Mimi naegemea huko pia, ingawa unaweza kujipimia: hesabu mapigo kwa dakika moja akiwa anakula kwa utulivu, kisha hesabu tena paka anapopita au kipanga anapozunguka juu.

Sikiliza wimbo. Dume huimba akiwa juu, kwenye ukingo wa paa, antena au tangi. Ni mluzi mzuri, wenye vipande vinavyorudiwa, mrefu kuliko ungetarajia kwa ndege mdogo. Mahali anapoimbia mara kwa mara ni alama ya eneo lake. Ziunganishe alama hizo daftarini na utapata ramani ya mipaka.

Tazama ugomvi. Anayevuka mpaka hufukuzwa mara moja, kwa kelele, chinichini kupita magari. Na kwa vile hajui kioo ni nini, atapigana na kivuli chake pia. Ukiona kioo cha pembeni cha gari kina alama za mdomo na miguu, na mlango chini yake una michirizi myeupe ya kinyesi, mwenye gari hana adui mtaani. Ana jozi ya vitikisa-mkia inayozaa karibu.

Nje ya msimu wa kuzaa, magharibi huweza kukusanyika wengi kulala pamoja kwenye matete au miti. Ukiwaona wakipita mmojammoja kuelekea upande mmoja baada ya saa kumi na mbili jioni, kumbuka upande huo. Kesho yake subiri mbele zaidi.

Umefaulu ukiweza kuonyesha kwa kidole: hapa ndipo anapoimbia, hapa anakula asubuhi, na kule hawezi kwenda kwa sababu kuna jozi nyingine.

## Hatua ya 7: Kiota, bila kukigusa

Mjini hupenda majengo: ukingo chini ya paa, tundu ukutani, nyuma ya ubao wa duka, gata (mfereji wa maji ya paa) lililokauka, hata juu ya kiyoyozi. Kiota ni kikombe kikubwa kisicho nadhifu cha nyasi kavu, uzi na vitambaa, ndani kikilainishwa kwa nywele na manyoya. Hutaga mayai matatu au manne kwa kawaida, yenye madoa ya kahawia. Dume na jike husaidiana kuatamia kwa wiki mbili hivi, kisha kulisha makinda kiotani kwa wiki mbili nyingine hivi. Wakipendezwa na mahali hurudi hapo tena na tena.

Nairobi uzazi hufuata mvua kwa sehemu kubwa, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, wadudu wanapokuwa wengi. Lakini unaweza kukuta kiota mwezi wowote.

Ili kukipata kiota, tazama mdomo wa ndege. Mwenye majani au uzi mdomoni anajenga. Mwenye wadudu mdomoni asiowala, anayesimama juu ya paa akikutazama na kulia, ana makinda, nawe umesimama karibu mno. Rudi nyuma hadi aache kulia. Hapo ndipo mahali pako pa kutazamia.

Usipande ngazi kuchungulia. Usipige picha ya kiota kwa taa. Usikate tawi wala usisogeze ubao ili uone vizuri. Kunguru weusi-weupe wa mjini wana akili. Wakiona watu wanasimama kutazama tundu, watakuja kutazama pia, na wao hawaji na daftari.

Angalia jambo moja zaidi makinda yakishatoka. Kekeo mdogo wa kijani kinachometa, yule ambaye dume lake lina jicho jekundu, hutaga yai lake kwenye viota vya wengine, na kitikisa-mkia ni mmoja wa wanaobebeshwa mzigo. Kinda la kekeo likianguliwa huyatupa nje mayai au makinda ya mwenyeji. Ukiona kitikisa-mkia analisha kinda moja, nene, lenye mdomo mwekundu, hilo si lake. Usiliondoe. Andika, kwa sababu ni habari ya maana kwa yeyote anayefuatilia ndege.

## Hatua ya 8: Andika ili mwingine aweze kuitumia

Maandishi yenye "nimeona kitikisa-mkia leo" hayamsaidii mtu. Weka tarehe, saa, mahali, idadi, wazima au makinda, na tendo. Mfano: "Wazima 2, kinda 1, kabro nyuma ya kanisa, saa moja na robo asubuhi, mzima analisha kinda, mbwigu alifukuzwa."

Ukishaweza hivyo, peleka taarifa zako kwenye Kenya Bird Map, mradi ambao wananchi hurekodi ndege wote wanaowaona katika eneo lililopimwa kwenye ramani. Orodha kamili inahitaji angalau saa mbili za kutazama, na programu ya simu ya BirdLasser hurahisisha kazi.

Na kama bado una wasiwasi na macho yako, nenda na wenye uzoefu. Nature Kenya, shirika la uhifadhi wa mazingira asilia, huwa na matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa. Nenda na swali lako la mbwigu. Hakuna atakayekucheka, wamelijibu mara nyingi.

## Ukikwama

Simwoni mahali popote. Kagua mambo mawili: urefu wa nyasi na dawa. Ua unaopuliziwa dawa ya wadudu kila mara ni ua usio na chakula. Hamia paa au barabara ya jirani.

Anapigana na kioo cha gari langu. Kunja vioo unapoegesha, au vifunike kwa soksi kuukuu au mfuko. Siku chache baada ya kivuli kutoweka huacha. Kumfukuza kwa mawe hakusaidii, kwa kuwa anayemwona kiooni bado yupo.

Kinda ameanguka kwenye kabro. Akiwa na manyoya na anasimama, muache. Wazazi wako karibu na wanaendelea kumlisha. Ukihofia paka au magari, msogeze hatua chache tu hadi chini ya ua au juu ya ukuta mfupi, kisha uondoke. Akiwa uchi kabisa na kiota unakiona, mrudishe kwa mkono. Wazazi hawatamsusa kwa sababu ya harufu yako.

Kiota kiko kwenye gata na mwenye nyumba anataka lisafishwe. Mweleze kwa tarehe, maana wenye nyumba huelewa tarehe. Tangu yai la kwanza hadi makinda kutoka ni wiki nne na ushee. Kama wazazi tayari wanabeba wadudu, zimebaki wiki mbili au pungufu. Mwombe fundi aje makinda yakishatoka, na yakitoka asicheleweshe, kwa sababu jozi inaweza kuanza tena kwenye gata lile lile.